Muhula Kwenye Benchi la Bwana Miraji

Jumatatu, 6 Februari 1956

Wiki ya tatu Tanga. Chuo kimenitoa Nairobi nije kusoma biashara ya nchi nyingine — dukani, si darasani. Nisiporudi na ripoti, shahada ya pili sipati. Mpaka sasa nimesoma benchi. Bwana Miraji, muuza kanga wa Chumbageni, hunikaribisha kila asubuhi, hunipa kahawa, huniweka nje. Nikiuliza bei ya jumla, yeye huuliza hali ya wazazi wangu. Wazima kabisa!

Alhamisi, 9 Februari

Nimemlalamikia Bi Mwatumu, mama mwenye nyumba wangu. Kumbe kosa ni kuomba mwenyewe. Mtu mwenye adabu humtuma mzee akamsemee. Hilo halimo vitabuni.

Ijumaa, 10 Februari

Alipotoka msikitini nimemwendea Mzee Idarusi, jirani. Nimemwomba akanisemee kwa Bwana Miraji, nipokelewe. Nimempa barua ya utambulisho ya chuo. Nimeifunga kwenye leso nyeupe isichafuke, na shilingi tano humo humo, za usumbufu wake. Kuiona leso, mzee ametabasamu mpaka gego. Hakuuliza zaidi. Watu wa hapa wepesi kuelewa!

Jumamosi, 11 Februari

Leo sikupewa kahawa. Nimepewa halwa. Sijui nimekosea wapi.

Jumatatu, 13 Februari

Nimejua. Bi Mwatumu kanieleza huku akicheka.

Hapa barua ikifungwa kwenye kitambaa pamoja na fedha, ikapelekwa na mzee, ni posa. Bwana Miraji ana binti, Mboni. Sijamwona hata siku moja! Nimesikia kikohozi chake nyuma ya pazia, basi. Ndugu zake walikutana jana wakaifungua barua. Kiingereza kitupu. Mzee Idarusi akawatuliza: maneno ya barua hizi ni yale yale.

Nikasema mimi Mkristo, jana tu nilikuwa kanisani. Bi Mwatumu akasema hilo wameshalizungumza.

Nikasema basi nakwenda kukanusha. Hapo akaacha kucheka.

"Wee mwanangu! Ukikana sasa, mtoto wa watu umemuumbua mbele ya mtaa mzima. Ataolewa na nani?"

Nimeona haya.

Jumatano, 15 Februari

Nimekwenda kusema kweli. Njia nzima napanga maneno. Kabla sijafungua kinywa, Bwana Miraji kainua ubao wa kaunta.

"Pita, mwanangu. Mtu wa nyumbani hakai nje."

Nimepita! Kanionyesha kila kitu — bei ya jumla, nani wa kukopeshwa, doti zipi huozea kabatini na kwa nini. Nimeandika mpaka mkono umeuma. Ripoti nzima ninayo, na roho inanisuta.

Pazia likatikisika. Sauti ya kike, wazi kabisa:

"Baba, muulize kama atamruhusu mkewe akae dukani."

Bwana Miraji akakohoa. Akasema hayo baadaye. Kisha kwa upole mwingi akaniuliza: nikisilimu, napenda niitwe nani?

Mzee Idarusi, pale benchini nje, ameacha kahawa yake. Wateja wawili wameshikilia kanga hawazikunjui. Pazia limetulia. Nami naandika, ili nionekane nafikiri.