Uzi Mwekundu kwenye Kitabu cha Nyuki

"Ni wewe tu! Nyumba hii ina mtundu mmoja, na—"

"Dada, ngoja kwanza—"

"Singoji! Kaburi la Mama hata halijakauka, wewe unamfanyia—"

"Lina mwaka, dada. Limekauka."

"Unaona? Unaona mdomo huo?"

"Haya basi, ni mimi! Nilifunga nyuzi mimi. Umefurahi?"

Alidanganya, Mama. Tutafika huko.

Mwaka umetimia leo tangu ulale usiamke, na hivi ndivyo wanao walivyoupokea: binti yako mkubwa kashika kiuno, kitinda mimba wako anajibu kila neno, na baba yao yuko kwenye cherehani, anakanyaga kama hasikii. Usikasirike. Walikuwa wanakugombania wewe.

Wasomaji wako wanajua, ila tumwambie na asiyekujua. Pale maktaba ulipofanya kazi, karibu na kaunta, ulikuwa na rafu yako. Kitabu ulichokipenda ulikizungushia uzi mwekundu, uliouchomoa kwa mumeo fundi bila kumuomba, ukapiga fundo mgongoni. Mtu akikuta uzi alijua ni wewe unamwambia, chukua hiki mwanangu. Akikirudisha, unakata, unafungia kingine.

Hukuwahi kumuuliza mtu anapenda vitabu gani. Ulimtazama usoni, ukamuuliza, "Unalala vizuri siku hizi?" Jibu lake ndilo lililokupeleka rafuni. Mjane aliyetoka kuzika ulimpa kitabu cha vituko, watu wakaguna. Ukasema, "Kulia atalia mwenyewe. Kucheka ndiko kunataka msaada."

Mtu mmoja tu alikushinda, na mlilala kitanda kimoja. Kila jioni ulimwambia, "Baba watoto, leo nimesoma kitu." Naye, "Baadaye, Mama, mguu uko kwenye kanyagio." Ulicheka. Ulikuwa ukisema siku fundi atakapouliza kitabu kinasemaje, utafunga maktaba na ufunguo utautupa chooni. Hiyo baadaye haikufika.

Hata ulipougua ukalazwa wodini hukuacha kazi. Ulimnong'oneza kitinda mimba wako, "Yule wa kitanda cha dirishani mletee hadithi fupi. Fupi kabisa." Akaleta. Mgonjwa akaimaliza asubuhi, jioni wakamfunika shuka. Wewe ulijichagulia kitabu kinene kama tofali, ukatukonyeza. Kilirudi maktaba kimekunjwa ukurasa katikati.

Baada yako rafu ilipukutika. Kila kitabu kiliporudi, mkuu wako alikata uzi na hakufungia kingine. Si roho mbaya. Alisema hana mkono huo. Mwisho ukabaki ubao na vumbi.

Halafu nyuzi zikarudi.

Zilirudi kwenye mwongozo wa kufuga nyuki. Kwenye orodha ya vipuri vya trekta. Kwenye sheria za mirathi, juzuu ya pili, na ya kwanza haipo. Na watu wako, Mama, walivyokuamini, wakavichukua! Kinyozi wa jirani na maktaba, ambaye hajawahi kufuga hata paka, alisoma habari za nyuki mpaka jalada la nyuma, akitafuta ulichotaka kumwambia. Mwalimu mstaafu alipoona mirathi akajua unamwita. Akagawa viti, akagawa meza, akagawa kitanda. Mpaka leo yu mzima, analala chini.

Mkuu wako akaja nyumbani hajakaa hata kitini. "Jamani, mzaha huu ukome. Watu wanasema marehemu kapotewa na akili huko aliko."

Macho yote kwa kitinda mimba. Nani mwingine? Ndiye aliyewahi kuivisha sanamu ya mlangoni pale maktaba miwani yako. Basi akaenda kujisafisha jina. Akajibanza nyuma ya magazeti, akangoja amkamate mwenyewe.

Akaingia baba yake.

Fundi hakusoma jina la kitabu hata kimoja. Alifungua kimoja katikati, akapitisha ukucha kwenye mkunjo, akavuta karatasi kidogo, akatikisa kichwa, akarudisha. Akachukua kingine. Hicho akakipapasa mgongo kama anapapasa kola ya koti. Akatoa uzi mfukoni.

"Baba, unatafuta nini?"

Mzee hakushtuka. "Mshono. Hivi vya gundi vitaachia kurasa. Hiki kimeshonwa. Mama yako asingempa mtu kitu cha kuchanika."

"Lakini hiki ni cha mabomba ya maji machafu, baba."

"Nitajuaje mimi? Nilipita nikakuta ubao mtupu." Akakaza fundo, akakata uzi kwa meno. "Mtupu kabisa, kama hakuwahi kuwepo mtu."

Kitinda mimba wako, anayefanya mzaha hata msibani, siku hiyo akakipanga kitabu kwenye ubao. Siri akarudi nayo nyumbani. Na leo dada yake alipombana, akajitwisha yeye, maana mgongo wake umeshazoea lawama, na wa mzee hauna tena nafasi.

Ndivyo ilivyokuwa, Mama, tukiandika tangazo hili la kumbukumbu yako. Majina tulikuwa tumeshayapanga: wanaokukumbuka ni mumeo fundi, binti yako mkubwa na mkwe wako, kitinda mimba wako, dada yako muuguzi wa hospitalini aliyekuosha nywele mpaka zikaisha, wajukuu zako, na wote waliowahi kukuta uzi. Maisha yetu yote utakuwa kinywani mwetu. Hapo tulitaka kufunga.

Ila kinyozi alikuwa mlangoni. Alikuja kutupa pole, kitabu cha nyuki kwapani, akayakuta makelele. Binti yako akamnyooshea kidole mdogo wake. "Mwenyewe huyu hapa! Muulize kwa nini amekuchezea!"

Cherehani ikanyamaza. Hatujui kama tumewahi kuusikia ukimya wake mchana.

"Mwache mwenzako," fundi akasema. "Ni mimi."

Binti yako akashusha kidole. Kinyozi akatazama uzi, akamtazama mzee, akaanza kulifungua fundo taratibu, kama mtu anayerudisha cha watu.

"Usifungue," fundi akamwambia. Akatoa mguu kwenye kanyagio, akauweka chini sakafuni. Akasogeza kitambaa pembeni, akavuta kile kiti chako, akakipangusa kwa mkono.

"Kaa hapa, bwana," akasema. "Hebu niambie. Kinasemaje?"