Fomu ya Taya

Kokopo, Jumapili mchana

Dada Rosalin,

Nakuamkia kwa heshima, dada, pamoja na shemeji Punion na watoto. Huko Kimbe mnaendeleaje, mvua imewaachia? Sisi wazima, isipokuwa taya langu. Nikipiga mwayo linaalika kama gando la kaa. Juzi lilikwama wazi mbele ya sahani ya viazi vitamu, mate yakanichuruzika kifuani. Mke wangu Idau alicheka mpaka akakaa chini, akaniita papa aliyekosa samaki.

Alhamisi naenda kliniki kwa mara ya kwanza. Wamenipa fomu niijaze kabla: linauma saa ngapi, nasaga meno usingizini, natafuna nini, niliwahi kupigwa? Idau akashika kalamu. Kwenye kutafuna akaandika kwamba mzee wa kanisa, yaani mimi, hatafuni popoo, kokwa ile inayotia mate wekundu. Kwenye kupigwa akasema hapa hata usifikiri, baba, shemeji yako Punion alikupiga ngumi miaka sita iliyopita, kijiji kizima kinajua.

Kusikia hivyo nikatoka nje nikatapika. Matapishi yalikuwa mekundu, na makapi ya popoo yanaelea. Idau akayatazama, akaniuliza, mzee wa kanisa, hiyo nayo ni damu ya Mwanakondoo?

Dada, Punion hakunipiga. Tuligombania mpaka wa minazi, kweli, lakini akaondoka zake. Mimi nikajificha nyuma ya kibanda cha kukaushia kakao, maana nilishaapa kanisani kuacha popoo. Kisu cha kuipasulia sikuwa nacho. Nikaweka popoo kavu kwenye magego, nikabana kwa hasira. Taya likalia ko! Uso ulipovimba watu wakauliza nani kanipiga, nami nikamtaja yeye.

Siku ya kupatanishwa alininyoshea popoo mbele ya wote, kama desturi yetu, akiomba msamaha wa kosa asilolifanya. Nikaikataa. Nikasema mtu wa Mungu hali uchafu. Wakamzomea mpaka mkahama. Na popoo yangu ilikuwa mfukoni, dada. Nikijinusa mdomo huu naona kinyaa.

Fomu nimeiandika upya kwa mkono wangu: natafuna popoo kila siku, kwa siri, hakuna aliyenipiga. Leo asubuhi nimeisoma yote kanisani. Waliokaa karibu yangu walisogea mbali nami.

Nikitoka kliniki nakuja Kimbe. Nitamnyoshea Punion popoo mbele ya majirani zake. Akiikataa, ni haki yake.

Idau anawasalimu. Wabusu watoto, ila usiwaambie busu limetoka mdomo gani.

Mdogo wako,
Aminio