Upande Wetu wa Nyumba Pacha

Jumapili, 5 Oktoba
Zamu ya asubuhi. Vyumba kumi na vinne, viwili vichafu kama zizi. Chini kwenye mapokezi wageni wanapigana vikumbo kupiga picha mbele ya ukuta wa matofali mekundu. Si matofali. Ni vibao vya kubandika. Mimi ndiye nivipangusaye vumbi kwa brashi, kila Jumapili.

Basi la kampuni limechelewa kututoa hotelini Al Sadd. Nimefika Abu Hamour, kwenye makazi yetu ya wafanyakazi hapa Qatar, hata kula sitaki. Ndipo nikasikiliza ujumbe wa Hamisi, kaka yangu. Nyumba yetu ya Mombasa imetiwa X nyekundu. Barabara inapanuliwa. Upande wetu na upande wa jirani, Bi Rukia, zote mbili zivunjwe.

Mamangu ana miaka sabini na sita. Aliingia nyumba ile bibi arusi. Ataenda wapi?

Jumanne, 7 Oktoba
Hamisi asema kuna njia moja. Nyumba ni pacha: paa moja, ukuta mmoja katikati, familia mbili. Ilijengwa kwa ajili ya maofisa wa reli zama za utawala wa Kiingereza, matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa chokaa. Marehemu baba alikuwa karani wa reli, akanunua upande wa barabarani. Mume wa Bi Rukia akanunua ule wa ndani. Za aina ile mtaani imebaki hiyo tu. Watu wa mambo ya kale wakiiandika kuwa ya urithi, barabara itapindishwa. Watakuja kuikagua.

Nimefurahi mno. Nikamwonyesha picha Akinyi, wa Kisumu, tunayelala naye chumba kimoja. Akaitazama weee, kisha akasema, "Mbona hii side ni ya kitambo na hii ingine inakaa duka ya simu?"

Nikanuna.

Alhamisi, 9 Oktoba
Niandike tu, hakuna asomaye. Mimi ndiye niliyeifanya duka la simu.

Ilikuwa mwaka wangu wa tatu hapa; huu ni wa tisa. Kila aliyekuwa Uarabuni, kwao kulionekana: vigae, madirisha ya alumini, geti. Kwetu matofali matupu. Nikaona aibu. Watu watasema binti yao yuko Qatar anafanya nini? Nikaamrisha kwa simu. Simenti kuta zote, nje na ndani. Rangi ya malai ya maziwa juu yake. Mlango wa mvule wenye kitasa cha shaba ung'olewe, uje wa chuma.

Fundi Athmani alinipigia mwenyewe. Mtu mzima, kazi hizo kazirithi kwa babake. Akanambia matofali yale hupumua kwa chokaa, nikiyaziba kwa simenti unyevu utakosa pa kutokea. Nikamjibu hajui kazi za kisasa. Nikatafuta fundi mwingine.

Na nilivyowacheka kina Bi Rukia! Hawana mtoto ng'ambo, nikisema, ndiyo maana nyumba yao imebaki vile. Kidomo changu.

Jumatatu, 20 Oktoba
Wakaguzi wamekuja. Hamisi kanipigia video. Nilikuwa stoo ya mashuka, simu nimeiegemeza kwenye taulo, mlango nimeufunga kwa mguu.

Mkaguzi mwenyewe ni mwanamke, mpole. Kwa Bi Rukia alikaa saa nzima. Akapapasa matofali, akapima mlango, akafungua na kufunga madirisha ya mbao moja moja. Kwetu dakika kumi. Aligonga ukuta kwa kidole, kipande cha simenti kikadondoka. Nyuma yake tofali limekuwa unga.

Akamwuliza mamangu ni nani aliyefanya haya. Mamangu akasema, "Fundi tu."

Hakunitaja. Afadhali angenitaja.

Jumamosi, 1 Novemba
Leo nimejikaza nikampigia Fundi Athmani. Nimemwomba radhi. Kanisamehe upesi, nikaona vibaya zaidi. Nikamwuliza je, simenti haiwezi kubanduliwa? Kasema ukiibandua itatoka na uso wa tofali, ukuta mzima utamwagika.

Na mlango? Mlango ulipasuliwa kuni. Ndio uliopikia pilau ya arusi ya Hamisi. Nami siku ile nilimtumia kila mtu picha za masufuria, nikijidai.

Jumatano, 19 Novemba
Jibu limetoka. Upande wa Bi Rukia ni urithi, hauguswi. Wetu umepoteza asili yake, utavunjwa. Barabara itapita sebuleni kwetu. Ukuta wa katikati utakuwa ukuta wa nje wa Bi Rukia.

Nimeisoma barua mara nne kwenye simu nikitafuta pa kubishia. Hapana. Yote ni kweli. Kazini nimetandika kitanda kimoja mara mbili.

Nataka kumchukia mtu. Sina wa kumchukia. Majuto ni mjukuu, wasema, lakini wangu amekuja hata mtoto sijapata.

Jumatano, 3 Desemba
Mamangu amehama. Hamisi alimwandalia chumba kwake, kakataa katakata. Kaingia kwa Bi Rukia, chumba kinachopakana na kilichokuwa chake. Sijampigia. Sina uso.

Ijumaa, 12 Desemba
Wamevunja jana. Hamisi ametaka kunitumia video, nimemwambia asitume.

Baada ya swala nimempigia mamangu. Maneno ya msamaha nilikuwa nayo tayari, nimeyapanga tangu asubuhi. Nimeanza, kanikata. Kasema wiki hii yote amelala usingizi mzuri. Chumba kikavu. Kifua kimetulia.

Nikamwuliza kifua kilikuwa na nini.

"Tangu utie ile simenti, mwanangu, kuta zilikuwa zikitoka maji. Nikilala na sweta. Ukija likizo nikifukiza udi, usisikie harufu ya unyevu. Ulikuwa na furaha sana, sikutaka kukuvunja moyo."

Miaka sita.

Nikamwuliza kama amekula. Kasema bado, Bi Rukia yuko jikoni anapika.