Majina Nyuma ya Ukuta

Dada Solveig,

Kicheko cha Rochelle bado ninacho masikioni. Kilipanda ngazi kutoka chumba cha chini ya nyumba nikiwa jikoni namimina kahawa. Niliposhuka, yeye na mume wangu Dale wakanyamaza, na bodi ya mwisho ya jipsamu, ya kuzibia mbao za ukuta, ilikuwa imeshafungwa ukutani.

Mama hajambo. Theluji imefika madirishani. Chumba cha muziki cha mume wangu huko chini kimekwisha, na miezi mitatu nimemshikia bodi za dari kwa kichwa na mikono. Rochelle, mpiga kinanda wa bendi yake, alikuja siku hiyo moja tu.

"Shemeji, umekuwa fundi kweli!" aliniambia, kucha zake zikimetameta.

Unakumbuka baba alivyotuandika sote kwenye mbao za ndani kabla ya kuziba ukuta, kwa kuwa sote tulijenga? Nilimwuliza Dale ameandika majina ya nani.

"Yetu, mpenzi. Ya nani tena?"

Jumatatu alipokwenda kazini niliifungua ile bodi. Kwenye mbao nyuma yake palikuwa pameandikwa mwaka, na majina mawili: Dale na Rochelle.

Jioni nikamwonyesha.

"Utani wa bendi tu, Marit. Una wivu wewe!"

Ninao, dada. Hata zile kucha naziota.

Usiniandikie tena kwa anwani ile. Tangu Jumanne nakaa kwa shangazi Berit, na pete nimeiacha kwenye msumari, chini ya majina yao.

Mdogo wako,
Marit