Korbi Chini ya Ardhi

Unst, Shetland, 9 Novemba 1883

Mdogo wangu Magni,

Salamu zangu zikukute mzima. Mimi sijambo, ila mafua, na upepo wa huku unaujua. Tangu mama azikwe, nyumba imekuwa kubwa. Naongea na birika, na siku nyingine naona kama linanijibu.

Mnunuzi wa farasi alipanda mpaka kilimani kuwakagua poni wetu. Wale wa miguu mirefu, mifupa myembamba na shingo ya kujivuna aliwapita bila kuwatazama mara mbili. "Hao wakavute vigari vya watoto wa matajiri," alisema. "Mimi nataka mfupi, mnene, kifua kama pipa. Dari la mgodi halimwinukii mtu."

Akamwona Korbi, yule poni wetu mweusi. Unga ulikuwa umekwisha, Magni. Nimemuuza. Usininunie.

Dada yako,
Osla

Durham, 16 Desemba 1883

Dada Osla,

Natumai mafua yameisha. Mimi mzima. Barua yako niliisoma nikaiweka, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Huku mgodini poni ni wengi, na vumbi la makaa likishawakaa wote ni weusi kama Korbi. Mimi ndiye ninayewalisha kwenye zizi la chini. Wakishushwa wapya nauliza wametoka wapi. "Visiwani," naambiwa, kana kwamba kisiwa ni kimoja. Nipe alama yake. Nilipoondoka alikuwa bado ananyonya.

Mdogo wako,
Magni

Unst, 20 Januari 1884

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka. Mimi sijambo, theluji imefika dirishani.

Alama hana. Manyoya mazito tabaka mbili, mkia wa kufagia ardhi, singa zimemfunika macho: ni kama wenzake wote. Lakini tabia anayo. Poni wote huupa upepo makalio. Yeye hugeuka hata ukifungua tu mlango wa jikoni, kisha hupiga chafya kama mzee aliyenusa tumbaku. Mama alikuwa akimwambia, "Afya, bwana mkubwa."

Dada yako,
Osla

Durham, 17 Februari 1884

Dada,

Nimempata.

Walifungua mlango wa hewa mgodini, upepo ukaingia, poni mmoja akageuka akaupa makalio, akapiga chafya. Nikamwita kwa yale maneno ya mama ya kuitia farasi. Akaja mbio, gari la makaa likimfuata nyuma. Mwenzangu Ralph alicheka: "Shemeji yako huyo?" Mimi nikampangusa Korbi makaa machoni.

Sasa nala chakula changu cha mchana pembeni yake. Huku watu hawaelewi lafudhi yangu. Yeye anaielewa.

Magni wako

Unst, 23 Machi 1884

Mdogo wangu,

Habari zako zimenifurahisha, nikawasimulia majirani wote wawili.

Lakini msimamizi wa mwenye ardhi alikuja. "Osla, shamba halishikwi na mwanamke peke yake," alisema. "Mwisho wa Mei nisipomkuta mwanamume hapa, nampa mwingine." Nikamwambia mwanamume yupo. Njoo, Magni. Sijawahi kukuomba kitu.

Dada yako,
Osla

Durham, 13 Aprili 1884

Dada,

Nakuja. Kazini nimeshaaga. Nitapanda meli ya mwanzo wa Mei. Viazi vya mbegu usivibebe peke yako, nisubiri.

Magni

Unst, 25 Mei 1884

Magni,

U mzima?

Nilishuka gatini nimevaa shali ya mama. Walishuka watu, magunia, na mwalimu mpya. Nilisimama mpaka ngazi ikaondolewa. Meli iliyofuata, nikaenda tena. Kama unaumwa, niandikie. Kama umekufa, ni nani ataniandikia?

Osla

Durham, 15 Juni 1884

Dada yangu,

Mimi ni mzima, na hilo ndilo linaloniaibisha.

Zizi nilimwachia Ralph. Korbi akagoma kula, akageuza uso ukutani. Ralph alinikuta bandarini akaniambia. Hakutaka kunizuia, alidhani tu ningependa kujua. Nikakaa juu ya sanduku langu, nikakaa, meli ikaondoka.

Sisi jioni tunapanda juu, Dada. Yeye hapandi. Hapandishwi mpaka afe. Nilijua wewe una mbingu juu yako, nikajidanganya kwamba inatosha. Nisamehe. Nitakuja mwakani.

Magni

Lerwick, 5 Oktoba 1884

Mdogo wangu Magni,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila vidole vimechanika kwa chumvi. Natumbua samaki hapa bandarini na kuwapanga kwenye mapipa. Shamba amepewa Gibbie, binamu wa msimamizi. Poni waliobaki, wale wembamba, nimewaacha kilimani; hakuna anayewataka, kwa hiyo wanakula majani yao kwa amani.

Nilikukasirikia kiangazi kizima. Sasa nikilala nimeshachoka, hasira nayo inachoka. Mwakani usije. Hakuna tena mahali pa kuja.

Nalala chumba kimoja na wanawake kutoka kisiwa cha Yell. Jana waliniuliza kama nina ndugu. Nikasema ninaye mmoja tu, yuko Durham.

"Mbona haji kukuchukua?" mmoja akauliza. "Ameoa?"

Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kumweleza habari za Korbi.

Dada yako,
Osla