Mfarishi wa Pande Mbili

Busi, Kondoa
2 Machi 2024

Dada yangu Mwajabu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute nyonga imepoa, na mwanao Nassoro, mkewe Violeth na wajukuu wote wawe wazima. Mimi sijambo, ila mafua ya mvua hayaniachi. Majirani wanakusalimu, na kila mmoja anataka nikuulize utarudi lini.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Juzi nilipaza sauti mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani, na wewe huko ulikuwa unanijibu habari za mbuzi ambazo sikukuuliza.

Mvua ya wiki iliyopita imetoboa bati juu ya chumba chako. Nilipopanda darini kuokoa vitu, nililishusha lile sanduku la bati, na ndani nikakuta pande zote mbili za mfarishi wetu. Nilikaa chini palepale. Unakumbuka mume wetu alipoanza kuugua akawa analalamika baridi hata mchana? Tukasema mabaki yote ya vitambaa yaliyo chini ya cherehani yake tuyashone yawe mfarishi mzito wa kumfunika. Wewe ushone upande wako, mimi wangu, tuje tuunganishe katikati. Tulikuwa hatujafika nusu alipofariki. Tukaingia eda wewe na mimi chumba kimoja, na sindano tukazichomeka ukutani. Mpaka leo hakuna aliyeutaja tena.

Panya wamekula kona moja tu. Kilichobaki ni kizima. Nimeona vipande vya zile sare za shule alizokuwa anashona kila Januari, na kile kitenge cha kijani tulichogombania.

Chini kabisa kulikuwa na mfarishi mwingine, mdogo, wa kumtosha mtoto mchanga. Mshono ni wako, dada. Huwa unavuta uzi mpaka kitambaa kinakunja uso. Ulikuwa unamshonea nani? Ukiniambia Nassoro sitakubali, maana nilipoolewa humu Nassoro alikuwa anachunga mbuzi.

Upande wako nimeufunga kwenye kiroba nikampa dereva wa basi. Nimeweka na uzi na unga kidogo wa uwele. Mimi wangu nimeshauanza. Nyumba ni kubwa nikiwa peke yangu, na jioni mikono inatafuta kazi.

Mdogo wako na mwenzio,
Shamila


Ihumwa, Dodoma
21 Machi 2024

Mdogo wangu Shamila,

Marahaba. Kiroba kimefika, na unga umefika, tumeshaupika na nimewanyima wajukuu ukoko. Nyonga inaniuma asubuhi, ikifika saa nne inanisahau. Pole kwa mafua. Chemsha mchaichai, usingoje yakushuke kifuani.

Nilipofungua kile kiroba nilinusa nyumba yetu, moshi na vumbi la mtama. Nikafunga mlango wa chumba ili nisiulizwe kitu.

Hapa sina la kulalamika. Nassoro na mkewe wanatoka alfajiri kwenda Mtumba kwenye wizara zao, wanarudi giza limeingia. Violeth ananiheshimu kuliko mabinti wengi wa kwetu. Lakini mchana kutwa nipo na geti na televisheni nisiyoisikia. Majirani ni watu wa Mbeya, wa Mara, wa kila mahali, wakikutana wanasalimiana na kuingia ndani. Kirangi naongea na kuku wa nyumba ya pili, kupitia tundu la ukuta. Wananielewa.

Violeth aliponikuta nashona aliniuliza kwa nini nisiseme wakaninunulia blanketi. Nikamwambia hili halipo dukani. Akakaa kando yangu, akaniomba nimfundishe kutunga uzi, maana macho yangu yanapishana na tundu la sindano. Sasa kila jioni ananitungia sindano kumi na kuzipanga kwenye mto, kesho yake zinanitosha.

Huo mdogo uache. Ufanye tambara la kufutia vumbi ukitaka.

Nassoro amesema mavuno yakiisha ataangalia uwezekano wa kunileta. Nawe usiruhusu mtu alale chumbani kwangu. Nitarudi.

Mkubwa wako,
Mwajabu


Busi
12 Mei 2024

Dada Mwajabu,

Shikamoo. Habari za huko na za nyonga? Huku mvua zimekatika, alizeti zimeinamisha vichwa na tumeanza kukata. Bati nimeliziba. Chumba chako nimekifagia na hakuna aliyelala humo.

Upande wangu umebakiza mistari michache. Ule mdogo sijaufanya tambara.

Nina jambo, na ningependa nikuambie tukiwa tunachambua mboga, si kwa kalamu. Mwezi uliopita mnadani nilikuwa nauliza bei ya asali, na muuzaji, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, akanitazama usoni kisha akanisalimu kwa Kisandawe. Dada, nilimwomba aseme tena. Tangu nilipotoka kwetu Kwa Mtoro kuja kuolewa hapa, nani amenisemesha lugha yangu? Watoto wa Busi walikuwa wakinifuata njiani wakigonga ndimi zao kuiga lugha yangu na kunicheka. Wewe peke yako ulijifunza kuniomba maji na kuniuliza kama nimekula, na ulikuwa ukikosea, lakini ulijaribu.

Anaitwa Mzee Degera. Ni mgane, alifiwa na mkewe, ana mizinga ya nyuki huko huko Kwa Mtoro. Amekuja mara tatu, anakaa kibarazani, tunaongea. Akiondoka nabaki nimechoka mdomo, kama mtu aliyetembea baada ya kuugua muda mrefu. Sasa ametuma wazee wake kwa kaka yangu kuniposa.

Sijamjibu. Kaka anasema mjane hana wa kumwomba ruhusa. Mimi namwomba mtu, na ni wewe. Ukisema nikae, nitakaa.

Mdogo wako,
Shamila


Busi
30 Juni 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Barua ya mwezi wa tano ulipata? Nimemuuliza dereva, anaapa aliikabidhi mkononi mwa Violeth. Nikapiga simu kwa Nassoro, akasema mama ni mzima, anakula, ila siku hizi hana maneno.

Kama nimekuudhi niambie. Ulikuwa hunifichi hasira. Mwaka ule nilipounguza maharage ya mgeni ulininunia siku nzima, lakini ulininunia mbele ya macho yangu.

Upepo wa kipupwe umeanza, unapita chini ya mlango. Upande wangu umekwisha. Nimeulaza juu ya kitanda chako, umefunika nusu.

Mzee Degera nimemwambia angoje. Anangoja.

Shamila wako


Ihumwa
14 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Marahaba, na marahaba ya ile barua nyingine. Zote nilizipata. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilikasirika, Shamila. Sikukukasirikia wewe, wala huyo mzee. Niliposoma nilimwona mtu anafunga mlango wa ile nyumba kwa kufuli, nami nipo nje. Huku kila asubuhi najiambia: kwetu kupo, Shamila yupo, moto unawaka. Hilo ndilo linalonifanya niamke. Ukiondoka, Busi patabaki makaburi na bati. Nikaona nikinyamaza na wewe utakaa, maana ulisema utakaa. Siku zikaenda, nikawa napata faida ya kimya changu na inanikaba.

Aliyenifungua ni Violeth. Jioni moja alikuwa ananitungia sindano akasema, "Mama, huyo Bi Shamila, ni nani wako hasa?" Nikamwambia ni mke mwenzangu. Akacheka kidogo, akasema kwao wake wenza hurogana, mume akifa kila mmoja hushukuru Mungu. Nikataka kumweleza nikakosa pa kuanzia. Ndipo nikamwambia habari ya ule mfarishi mdogo, ambayo wewe mwenyewe sijakuambia.

Nilimshonea mwanao.

Ulipobeba ile mimba nilikuwa nimekununia, unakumbuka. Mume alikuwa anakuletea machungwa, na mimi nilikuwa nimemaliza kuzaa. Lakini mchana nilikuwa nafunga mlango wangu nashona. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu mtoto wa nyumba ni wa nyumba. Niliokota vile vipande vidogo ambavyo hata mume alikuwa anavifagia. Nilisema nitakupa siku ya arobaini, mbele ya watu, uone haya. Halafu mtoto akazaliwa kimya. Mimi ndiye niliyempokea, mdogo wangu, na alikuwa mzuri, ana masikio yako. Nilitaka kumfunika kwa kile kilichokuwapo, nikaona hakijakwisha, haifai kumpeleka mtoto kaburini na kitu cha nusu. Tukamfunika kanga. Nikauficha sandukuni, maana ningekuonyesha ili iweje?

Olewa, Shamila. Mtu anayekujibu kwa lugha yako usimwache aende. Ufunguo wa nyumba mpe jirani, mimi nitajua ulipo.

Upande wangu nimeumaliza. Unakuja na basi la Ijumaa. Unganisha wewe, mkono wako umenyooka, kisha uende nao.

Mkubwa wako,
Mwajabu


Busi
8 Septemba 2024

Dada yangu Mwajabu,

Shikamoo. Nimepata barua na mfarishi. Barua niliisoma nikiwa nimesimama stendi, na dereva akaniletea kiti.

Sikujua umempokea wewe. Siku zile nilikuwa mbali, naona watu kama kwenye maji. Hakuna aliyewahi kuniambia ana masikio yangu. Miaka yote hii nimekuwa na mtoto asiye na sura, na wewe ulikuwa nayo chumba cha pili. Sikulaumu. Nimefurahi tu kwamba kuna mtu aliyemwona vizuri.

Nilianza na ule mdogo. Ulikuwa umeacha pindo la upande mmoja na mistari ya chini. Nimeumaliza kwa siku chache, polepole. Sijui nimpe nani na sitaki kumpa mtu. Nimeukunja, nipo nao.

Mkubwa pia nimeuunganisha. Ule upande wako una mikunjo na wangu umelala, mtu akipapasa gizani atajua amevuka mpaka.

Sasa sikiliza. Mzee Degera alikuja kuchukua jibu. Nikamkalisha, nikamwambia nipo tayari, lakini nina mtu. Akashtuka, akauliza mwanamume gani. Nikamwambia ni mwanamke, mke mwenzangu, yuko Dodoma kwa mwanawe, na ndani ya nyumba yoyote nitakayoishi lazima kuwe na kitanda chake, aje atakapo, akae atakavyo. Akasema, "Mume wenu si amekufa? Mnabakije wake wenza?" Nikamjibu kwamba mume ndiye aliyekufa, sisi hatujafa. Akachukua kofia yake, nikajua basi, imekwisha. Kumbe alikuwa anakwenda kupima kwa hatua ukubwa wa chumba chako, akujengee cha kufanana nacho huko kwake, akaniuliza kama unapenda dirisha liwe upande wa jua. Nimesema ndiyo. Kama nimekosea, utamwambia mwenyewe.

Ndoa ni mwezi ujao, Kwa Mtoro, ndogo tu. Nassoro nimempigia, amesema ataongea na wewe. Sauti yake haikuwa nzuri.

Na kuna jambo nalo sikuwahi kukuambia. Yule mtoto nilimpa jina, la lugha yetu, kabla hajazaliwa. Sijamtamkia mtu hata mmoja. Ningekuandikia hapa, ila lina sauti ambazo kalamu haiziwezi.

Mwenzio,
Shamila


Ihumwa
25 Septemba 2024

Mwenzangu Shamila,

Marahaba. Shemeji yangu huyo mpya naye mpe salamu, na mwambie dirisha la upande wa jua ni sawa.

Nassoro alikataa. Alisema njia ni mbaya, nyonga ni mbovu, na watu watasema mama yake amemshinda akaenda kulelewa na mume wa mtu. Akasema, "Unaenda kwa nani, mama? Yule si ndugu yako." Nilimwambia nimelala naye chumba kimoja eda nzima, yeye analia na mimi nalia, tukipokezana ili mmoja wetu apike. Nikamwambia atafute neno la mtu kama huyo, na akilipata aniletee. Akatoka nje. Violeth alimfuata, waliongea nini sijui, sikusikia, lakini niliona mikono ya Violeth ikiongea zaidi. Asubuhi mwanangu alikuja kunipaka dawa ya nyonga bila kuambiwa, akaniuliza kama begi la bluu litanitosha.

Nitakuja siku tatu kabla ya ndoa. Nitakaa mpaka nichoke au mnichoke. Mumeo asinipigie kelele, aniangalie usoni aseme taratibu, nitaokota maneno yake mdomoni.

Hilo jina usilitamke mbele ya watu. Tungoje tubaki wawili. Ukae upande wangu wa kulia, sikio hilo bado lina uhai, na useme polepole. Nikikosea nirekebishe, urudie, hata mara ngapi, mpaka nami niweze kumwita.

Mwenzio,
Mwajabu