Amilesi Imeshuka, Baba, na Mimi Naogopa

Baba,

Amilesi ya Ndegwa imeshuka, kile kipimo cha damu. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume, hapa Nyeri mjini, mchana, manyunyu ya Julai yakipiga mabati. Naandikia magotini, usinicheke mwandiko. Watu wote wamefurahi. Mimi tu ndiye nimekaa hapa na hofu.

Ndiyo, ni Ndegwa wako, kitinda mimba. Na ni kongosho. Ile ile. Kabla ya ugonjwa wako sikuwa nimewahi kulisikia hilo neno, nilidhani mtu ana moyo, ini na figo, basi. Juzi alikuwa anakamua ng'ombe, akaiacha ndoo pale pale akajikunja chini vile ulivyojikunja wewe, mkono mmoja tumboni na mwingine mgongoni, kama anataka ikutane katikati. Nilikuwa nimekwenda nyumbani Gakindu kumwona Mama. Nilipomwona amejikunja hivyo sikuuliza hata swali moja, nilikimbia kutafuta gari. Picha imeonyesha vijiwe kwenye kifuko cha nyongo, kama vyako. Na kabla watu waanze zile hadithi zao walizokusemea wewe, hapana, hajawahi kuonja pombe.

Usimkasirikie kwa ile mistari ya kahawa ya kule chini. Aling'oa, akapanda avokado. Najua ungenuna mwezi mzima. Lakini zile za karibu na nyumba, ulizozipanda mwenyewe, amezipogoa vizuri na hakuna anayeruhusiwa kuzigusa. Ameoa pia, Baba. Ana mvulana, na ni wewe, amebeba jina lako. Mama humwita "mzee wangu" halafu anacheka peke yake. Mimi bado nashona sweta za shule pale Ruring'u, bado nina hasira za karibu, bado sijaolewa, na usianze.

Sasa nikuambie ninachoogopa.

Unakumbuka ile siku ya pili yako wodini? Labda hukumbuki, ulikuwa unaingia na kutoka. Daktari alikuja na majibu akasema amilesi imeshuka sana. Alisema na mambo mengine, naamini alisema, lakini sisi tulilishika hilo moja tu tukakimbia nalo. Imeshuka! Kina mama wa kanisa walikuwa wamejaa mlangoni na thamosi zao, wakaanza kuimba hapo hapo. Mama akapiga simu nyumbani mbuzi achinjwe, Mzee anarudi. Mjomba alikuwa na haraka na mbuzi kama kawaida yake. Alichinja siku hiyo hiyo.

Na wewe ukaniita karibu ukaniambia, "Mami, nifungulie hivi vidole." Vidole vyako vilikuwa vimejikunja kwenye kiganja, vigumu. Nilidhani ni baridi ya Nyeri. Nikavisugua, nikakuvalisha glavu nilizojishonea. Ulisema midomo inakufa ganzi, nikakupaka mafuta. Huku wanaimba.

Yule mbuzi aliliwa na watu waliokuja matanga, Baba. Sijawahi kumwambia mtu kwamba nilikula. Nilikula na nikaona ni mtamu, na tangu hapo sijaweka nyama ya mbuzi mdomoni.

Baada ya kukuzika nilimtafuta yule daktari. Sikwenda kugombana, ingawa Mama alidhani hivyo akanisihi niende na shangazi. Nilitaka tu mtu anieleze, inashukaje huku mtu anakufa? Alinikalisha akanieleza polepole. Amilesi inatoka kwenye kongosho ikiumia, inamwagikia kwenye damu, kwa hivyo inakuambia ndiyo, ni kongosho. Kazi yake imeisha hapo. Haisemi ugonjwa ni mkali kiasi gani. Hushuka yenyewe baada ya siku chache, kwa atakayepona na kwa asiyepona. Nilimwambia arudie hilo. Akarudia.

Ukali wanautafuta kwingine kwenye damu. Kuna hiyo wanaiita CRP, inatengenezwa na ini mwili ukiwaka ndani, lakini inachelewa, siku ya kwanza inaweza kuonekana ya kawaida kabisa ikudanganye. Ndiyo maana wanaingoja siku ya pili ikiisha. Kuna yurea na kreatinini, za figo, hizo zikipanda licha ya maji yote ya dripu ni habari mbaya. Wanaangalia damu imekuwa nzito kiasi gani, kwa sababu maji yanatoka kwenye mishipa yanajificha tumboni. Na kuna kalsiamu. Kalsiamu ikianguka, midomo inakufa ganzi. Vidole vinajikunja.

Baba, nilitoka hapo nikakaa kwenye ngazi nikalia mpaka askari wa lango akaniletea chai.

Basi leo asubuhi daktari mwingine, msichana mdogo, mpole, amepita akasema amilesi ya Ndegwa imeshuka. Akaongeza, "Lakini hiyo tusiishike sana, tunangoja zingine za saa nane." Nilimsikia vizuri. Mama alisikia "imeshuka." Uso wake ulifunguka, Baba. Sijauona hivyo tangu ulipoondoka. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa simu, na kabla sijafika alikuwa ameshamwambia jirani amfunge yule beberu mweusi karibu na jiko.



Na kina mama nao wakafika. Wale wale, wamezeeka kidogo, thamosi zile zile, supu ya kichwa na uji wa kuchacha, na Ndegwa ameambiwa asiweke kitu tumboni kwa sasa. Mama ndiye mwenyekiti wao siku hizi. Walianza kujipanga mlangoni, mmoja akakohoa kusafisha koo. Mimi nikasimama katikati ya mlango nikanyoosha mikono. Nikawaambia hakuna kuimba. Nikawaambia warudi na supu yao. Sauti ilinitoka kubwa, nesi akatoka kuangalia.

Mama aliniangalia kama mtu asiyenijua. "Ati unafukuza watu wa Mungu? Si wamesema imeshuka?"

Nikamwambia, "Hata ya Baba ilishuka."

Aligeuka akaenda nao mpaka kwenye miti ya lango, na kutoka hapa naona lesso yake ya kijani katikati yao. Hajaniongelesha tangu hapo. Nimempigia jirani nikamwomba amfungue yule beberu, amwachilie kabisa, aende hata akale kabeji za Mama. Ameniuliza kama niko sawa. Nimemwambia siko sawa.

Halafu nikaingia kumwona Ndegwa. Amevimba tumbo, anapumua juu juu, lakini amejaribu kunichokoza, "Umefukuza kwaya? Wewe ni noma." Nikacheka. Halafu akalamba midomo akasema, "Nyawira, midomo yangu iko na kitu. Kama mchwa wanatembea."

Yesu wangu. Nikamshika mkono nikaufungua kidole kimoja kimoja. Vilifunguka. Nikavirudisha, nikavifungua tena, akaniuliza nafanya nini, nikasema nakupima glavu. Nilitoka nikamshika nesi kwa mkono wa sweta yake, karibu niuchane, nikamwambia mwangalieni kalsiamu, sasa hivi, midomo inamtembea. Hakunipuuza, Mungu ambariki. Aliita daktari, wakachukua damu nyingine, wakamwekea kile kidude cha kifuani kinachoonyesha moyo. Nikarudi kwenye benchi. Hapo ndipo nilipoanza kukuandikia, kwa sababu hakuna mwingine anayejua hofu hii inafananaje.

Niliacha kidogo. Daktari ametoka.

Amekaa kando yangu, hakusimama, na mimi nimejua kutokana na kukaa kwake. CRP imepanda, imepita pale wanapoogopea. Yurea imepanda pia, haikutakiwa kupanda. Kalsiamu iko chini, wameshaanza kumwongezea kwa mshipa. Amesema ni kali, lakini wameijua mapema. Wanamhamishia chumba cha uangalizi, ambako nesi hatoki kando yake. Nimemuuliza kama atapona. Amesema, "Sitakudanganya, sijui. Leo na kesho ndizo zitatuambia." Nimempenda kwa hilo na nimetaka kumpiga.

Mama alikuwa amerudi amesimama nyuma yetu. Amesikia yote. Amekuja akakaa pale daktari alipokuwa, akanishika mkono akauweka kwenye mapaja yake, akaufunika na lesso. Kina mama wamebaki kule langoni kwenye manyunyu, hawaimbi, wameinamisha vichwa tu. Sasa naandika kwa mkono mmoja.

Wamempitisha hapa kwenye kitanda cha magurudumu. Alikuwa amefunga macho. Alifungua kidogo akasema, "Nimemwona Baba akitoka kiwandani." Kisha wakaingia naye na mlango ukafungwa.

Baba, nisikilize. Sijawahi kukuomba kitu tangu tulipokuzika, hata siku zile nilizokuwa na hasira na dunia nzima. Unakumbuka ulivyokuwa ukitoka kiwanda cha kahawa jioni, mvua ikinyesha, na sisi tunamtoroka Mama kuja kukulaki barabarani? Mimi ulikuwa unaniacha nifike. Lakini Ndegwa alikuwa mdogo, kifua chake kibovu, na ukimwona tu anakuja mbio miguu mitupu ulikuwa unasimama huko huko mbali, hupanui mikono, unapaza sauti mpaka majirani wanasikia, "Rudi nyumbani! Nimesema rudi!" Naye analia, anageuka, anarudi.

Najua una hamu ya kumwona. Najua hujamwona mtoto wake na ungependa akuhadithie. Ukimwona anakuja, usimpokee. Mkaripie. Mfanye alie. Mimi nitamshikilia huku, sitatoka kwenye benchi hii, naahidi, na Mama yuko nami. Wewe mkatalie huko.

Kwaheri, Baba. Pumzika, lakini kwanza simama barabarani.

Binti yako,
Nyawira